Nyumba ya Vidole vya Dada

Wiki iliyopita mliniacha juu ya ngazi, brashi ya rangi mkononi, nikisikiliza ufunguo ukizunguka kwenye kitasa cha mlango wa mbele. Ufunguo ambao sikumpa mtu yeyote.

Kwa wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nikupe kwa kifupi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa pili, masomo ya biashara. Dada yangu, aliyenilea tangu mama afariki, alikuwa mshonaji kiwandani. Mashine ikamla vidole vitatu vya mkono wa kulia. Kiwanda kikamlipa fidia. Yeye alitaka kufungua kiduka cha vitambaa. Mimi nikamwambia duka ni mawazo ya kimaskini. Nilikuwa nimeangalia video nyingi mno kwenye simu, za vijana wenye suti wanaoapa kwamba pesa zao huingia wakiwa wamelala.

"Nyumba karibu na chuo, Dada," nilimwambia. "Wanafunzi hawaishi. Hawa wakihitimu, wanakuja wengine. Tutavuna mpaka tuchoke."

Aliniangalia, kisha akauangalia mkono wake.

"Wewe ndiye uliyesoma," akasema.

Tukanunua kupitia kwa dalali mmoja tuliyempa jina la Tabasamu, kwa sababu hata akikupa habari ya msiba meno yake yako nje. Mwenye nyumba hatukumwona. Tabasamu alisema ni mgonjwa, yuko mbali kwa matibabu, ametia sahihi huko huko aliko. Nikaamini. Sebule nikaigawa kwa plaiwudi ikawa vyumba viwili. Nikaingiza wapangaji tisa, wote wanafunzi wenzangu, wote wamelipa kodi ya muhula mzima mbele. Darasani wakaanza kuniita Tajiri.

Nami nikawa naitika.

Sasa turudi mlangoni.

Mlango ulifunguka, akaingia mzee mrefu, mwembamba, anaburuta mguu mmoja, begi la nguo begani. Akazitazama kuta. Akaitazama plaiwudi. Halafu akanitazama mimi kule juu.

"Fundi, nani kakuita?"

"Mimi si fundi. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kama si fundi, unafanya nini juu ya ngazi yangu?"

Nikashuka taratibu. "Mzee, nadhani umekosea nyumba."

Akainua ufunguo, akautikisa mbele ya pua yangu. "Na huu nao umekosea?"

"Mimi ndiye mwenye nyumba hii," nikasema. Nilikuwa nimelizoea lile neno, likanitoka kwa sauti nene.

"Hongera," akasema mzee. "Hata mimi."

Kabla sijajibu alishanipita. Alitembea kama mtu anayekijua kila kigae, akafika chumba cha mwisho, akasukuma mlango. Mayowe. Mle ndani walikuwemo wasichana wawili, mmoja ana taulo tu.

Mzee akafumba macho, akarudi kinyumenyume. "Samahanini, wanangu. Samahanini sana." Akanigeukia. "Kitanda cha mke wangu kiko wapi?"

Nikakwangua rangi iliyoganda kidoleni.

"Cha chuma. Kina maua kichwani. Amefia juu ya kitanda kile."

Nilikuwa nimekiuza kwa mnunua vyuma chakavu. Kilikuwa kizito, kikawasumbua watu wawili kukitoa mlangoni, tukacheka.

Wapangaji walishajaa ukumbini. Mmoja wao, kijana mrefu wa sheria tuliyemwita Profesa kwa kupenda kwake kubisha, akauliza, "Tajiri, huyu nani?"

"Mgonjwa wa akili," nikasema. "Msihofu, tunamtoa sasa hivi."

Mzee alisikia. Aliweka begi lake chini, akakalia ndoo ya rangi, akaanza kufungua kamba za viatu kama mtu aliyefika kwake.

Nikampigia Tabasamu. Alikuja na pikipiki kabla sijamaliza kunawa rangi mikononi. Akaingia kwa mbwembwe zake za kila siku, akapiga hatua mbili ukumbini, akamwona mzee juu ya ndoo.

Ndiyo siku ya kwanza nilipomwona mtu yule amefunga mdomo.

"Mwanangu," mzee akasema, uso wote umechangamka. "Kumbe umesikia nimerudi?"

Nilimburuta Tabasamu mpaka nje kwa mkono wa shati.

"Ni baba yako?"

"Baba wa kunizaa."

"Umeniuzia nyumba ya baba yako, naye yu hai?"

"Sasa ningesubiri afe, wewe ungenunua lini?" Meno yalianza kurudi. "Sikiliza, Tajiri. Dada yangu alimchukua kwenda kumtibu. Madaktari wakasema hana muda. Nikapiga hesabu zangu. Kumbe mzee ametuchezea, amepona. Nani angejua?"

"Nirudishie hela."

"Hela gani?" Akapangusa kiti cha pikipiki kwa kiganja. "Hela ilikuwa na wenyewe, imekwenda kwa wenyewe. Nenda polisi ukipenda. Mimi nitafungwa, nyumba itarudi kwa mzee, na wewe na dada yako mtabaki na karatasi ya kufungia karanga. Ukinyamaza, mzee ataondoka mwenyewe. Watu wazima hawapendi dhiki. Mfanyie dhiki kidogo tu."

Akapiga kiki, akaondoka.

Dada alirudi jioni kutoka sokoni. Alikuwa ameshaacha chumba chake cha kupanga ili tubane matumizi, analala kwenye kijichumba cha pembeni ya jiko. Nikamweleza yote, harakaharaka, kama mtu anayetapika. Nilitegemea atapiga kelele. Nilitegemea atanipiga mimi.

Akatua kikapu chini. Kisha akauliza, "Ameshakula?"

"Nani?"

"Huyo mzee."

Alimpelekea sahani. Alimtandikia godoro kwenye stoo ya uani, akatoa makopo ya rangi na vipande vya plaiwudi akavipanga nje. Mzee akaanza kumwita Dada "binti yangu" siku ile ile. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, amestaafu, na alikuwa na visa vya ajabu: mjamzito aliyejifungulia njiani kwenye foleni, maiti aliyepiga chafya. Dada alicheka. Tangu mashine imle vidole sikuwa nimemsikia akicheka vile.

Nikiwa dirishani niliwaona wakikaa uani, Dada na nguo zake za kurekebisha. Mkono ule mbovu haukuweza kutunga uzi. Mzee alichukua sindano, akaitazama angani jicho moja limefumba, akatunga, akamrudishia. Hakuna aliyesema ahsante wala karibu. Uzi ukaisha, akatunga tena.

Mngedhani roho yangu ililainika. Hapana. Niliona watu wawili wanaozoeana, nikaona nyumba inaniponyoka.

Wapangaji nao hawakunipa nafasi ya kupumua. Mzee alikuwa akiamka mapema na kuingia ndani, anapapasa kuta, anagonga milango kwa adabu, anauliza kama kuna aliyeona picha ya harusi yake. Picha nilishaitupa pamoja na fremu. Wasichana wa chumba cha mwisho walianza kulala na meza nyuma ya mlango.

Profesa akanijia kwa niaba ya wenzake. "Tajiri, sisi tumepanga nyumba, hatukupanga na mzimu. Ama yeye, ama utupe kodi zetu tuhame."

"Nitashughulikia."

"Lini?"

"Nimesema nitashughulikia!"

Kodi zao zilikuwa ukutani, kwenye vitanda, kwenye plaiwudi. Na nisiwafiche, ninyi mnaonisoma: nyingine ilikuwa miguuni mwangu, viatu vya ngozi, na nyingine mfukoni, simu mpya.

Basi nikaukumbuka ushauri wa Tabasamu. Nikaanza na maji. Koki ya kufungia bomba la uani ilikuwa nyuma ya sinki la jikoni. Nikaifunga kwa spana. Kisha nikaufunga mlango wa nyuma kwa ndani, mzee asiweze kuingia nyumbani. Choo cha uani alikuwa nacho. Nikajiambia kwamba haya si mateso, ni mipaka. Kijana mmoja wa video alisema mwekezaji asiyejua kuweka mipaka ataishia kuwa mpangaji.

"Mbona bomba la uani halitoi?" Dada akaniuliza.

"Tatizo la mtaa mzima."

Akageuza shingo. Upande wa pili wa ukuta, mama jirani alikuwa anaosha zulia, maji yanatiririka mpaka barabarani. Dada akajifunga kanga kiunoni. Akachukua ndoo kwa mkono ule mzima, akaenda kwa jirani kuchota.

Alichota kila siku. Mimi nilipita pembeni yake na madaftari yangu nikielekea chuoni kujifunza uongozi bora wa rasilimali.

Mzee naye hakuwa mjinga. Alijikokota mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, akalalamika kwamba kuna kijana ndani ya nyumba yake. Wito ukaja. Mimi, mzee na dalali, wote tufike ofisini tukaeleze nani alimuuzia nani.

Tabasamu alinifuata chuoni, nje ya maktaba. Alikuwa anatokwa jasho.

"Useme ulimwona anatia sahihi. Ulimwona kwa macho yako. Nitasema hivyo hivyo. Tutakuwa wawili, yeye mmoja, tena mgonjwa. Watasema kichwa kimechoka."

"Na nikikataa?"

"Basi mwambie dada yako arudi kiwandani akaombe vidole vyake."

Ningempiga. Nashukuru sikumpiga, maana maneno yale yale ndiyo niliyokwenda kuyarudia kwa Dada, nikiyapaka asali kidogo. Nilimweleza nikiwa na hakika atanikataza. Ukweli ni kwamba nilitaka anikataze. Ningemtupia yeye lawama, nikalala usingizi.

Dada alikuwa anakunja nguo. Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja upya.

"Shuhudia," akasema.

"Dada?"

"Nilikuwa na vidole. Sasa nina nyumba. Nyumba ikiondoka nina nini?" Hakunitazama. "Lakini mzee hatoki. Atakaa hapa kama baba yetu mpaka Mungu amchukue. Na mlango wa nyuma uufungue. Niahidi."

"Nakuahidi."

"Niangalie unapoahidi."

Nikamwangalia. Nikaahidi.

Ofisi ya mwenyekiti ilikuwa chumba kimoja, viti vya plastiki, feni inayozunguka bila kutoa upepo. Mwenyekiti alikuwa mtu wa maneno machache, muuza vipuri vya magari, kucha zake nyeusi kwa grisi. Akauliza moja kwa moja.

"Kijana, ulimwona mzee huyu akitia sahihi?"

"Nilimwona."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu. Nilikuwa nimekaa karibu yake kama nilivyokaa na wewe."

Hata Tabasamu aligeuka kunitazama. Nilidanganya vizuri kuliko alivyonifundisha.

Mwenyekiti akamgeukia mzee. "Mzee wangu, umesikia. Ukisema sahihi si yako, hapo ni kughushi. Siwezi kulimaliza mimi. Nitainua simu, polisi watakuja, na wa kwanza kuondoka nao ni huyu mwanao. Sema sasa."

Mzee alimtazama mwanawe. Alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia viatu mpaka kichwani, kama anayetafuta kitu alichokidondosha. Tabasamu alikuwa ameinama, anakwaruza jinzi yake gotini kwa kucha.

"Kijana anasema kweli," mzee akasema. "Nilitia sahihi. Ugonjwa ulinisahaulisha."

Mwenyekiti aliweka kalamu chini. "Una hakika?"

"Mwanangu, ukiniuliza tena nitalia. Usiniulize."

Tukatoka. Tabasamu alidandia pikipiki yake bila kumuaga baba yake, bila kumtazama, akapotea kwenye kona. Tukabaki mimi na mzee juani. Nilikuwa nimeshinda.

"Yule nimemjua tangu hajaota meno," mzee akasema. "Kwake yeye ningesema lolote. Nikuulize kitu, kijana. Dada yako anajua kwamba koki umeifunga wewe?"

Nikainama, nikafuta vumbi kwenye viatu vyangu vya ngozi.

"Hajui," akajijibu. "Basi usimwambie. Atakosa usingizi bure."

Akaanza kutembea kuelekea nyumbani, mguu unaburuta vumbi. Nikamchukia. Nakiri, sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mzee yule, ambaye alikuwa ametoka kunipa nyumba bure.

Nilifungua koki. Nilifungua mlango wa nyuma. Ahadi ikasimama siku chache, mpaka Profesa aliponiletea neno.

"Tajiri, kuna vijana wawili wa mwaka wa kwanza wamekosa mabweni. Wako tayari kulipa muhula mzima leo leo. Una nafasi?"

"Nyumba imejaa."

"Na ile stoo ya uani?"

Stoo. Nilikuwa siwezi tena kuliondoa lile neno kichwani. Darasani mwalimu anafundisha riba, mimi nachora vitanda vya ghorofa kwenye pembe ya daftari. Nikapiga hesabu ya stoo ile kwa muhula, kwa mwaka. Nikaona nyumba ya pili. Nikaona ya tatu. Mzee nikamwona kama kabati kuukuu lililozuia mlango.

Nikamwambia Profesa wawalete. Nikachukua hela yao.

Bahati ikanijia, au niseme balaa. Dada aliitwa kliniki ya mkono, mji wa mbali kidogo, na shangazi yetu anakaa huko. Akaaga kwamba atalala kwa shangazi, kesho asubuhi atarudi.

"Mzee mpe dawa zake baada ya chakula," akaniambia getini, kibegi mkononi. "Asile akiwa amelala."

"Nitampa."

"Na umuulize kama anaumwa. Mwenyewe hasemi."

"Dada, nenda, utachelewa gari."

Alasiri mzee alikwenda duka la dawa, kwa mwendo wake ule wa kuchoka. Mara tu alipokata kona, nilikunja godoro lake. Nguo zake nikazisukumia ndani ya begi. Begi nikaliweka nje ya geti, juu ya jiwe ili lisilowe. Niliona hilo la jiwe ni wema. Kisha nikanunua kufuli jipya, kubwa, nikafunga geti kwa ndani.

Vijana wa mwaka wa kwanza walikuwa wanapanga mashuka yao stooni mvua ilipoanza.

Haikuwa mvua ya kuchezea. Ilipiga mabati mpaka tukawa tunaongea kwa kupiga kelele. Katikati ya kelele zile nikasikia chuma kikigongwa.

"Kijana! Ni mimi. Geti limejifunga."

Limejifunga. Hata wakati ule alitafuta namna ya kunisitiri.

Nikaongeza sauti ya redio.

Profesa akatoa kichwa kwenye plaiwudi. "Tajiri, mzee anagonga."

"Ana mtoto wake mwenye pikipiki. Atamwita."

"Kwa mvua hii? Mzee hana hata simu."

"Profesa, mlitaka aondoke, hamkutaka? Basi anaondoka. Rudi ukasome."

Yule mtu ambaye darasani hakosi hoja akatazama geti, akatazama kitabu chake. Halafu akarudisha kichwa ndani. Nikasikia kitanda kikilia alipojilaza.

Geti liligongwa tena. Mara ya mwisho haikuwa kugonga, ilikuwa kama mtu anayepapasa. Kisha kimya. Nami nikafurahi. Nikala chakula chake pia, kwa kuwa kilikuwa kinapoa.

Muuza mkate ndiye aliyemkuta asubuhi. Mzee alikuwa ameanguka pembeni ya lile jiwe, begi amelikumbatia kifuani, mdomo umekuwa wa buluu, anapumua kwa mbali kama mtu anayenong'ona. Walimbeba majirani. Gari la wagonjwa lilikuja, na yule dereva kijana aliposhuka akamtambua, akasema, "Huyu ndiye aliyenifundisha kazi," akaanza kulia huku anafungua milango.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya geti, ufunguo wa kufuli unaniunguza mfukoni.

Habari zilisambaa kuliko maji ya ile mvua. Kufika saa ya watu kwenda kazini, umati ulishajaa, na gari la polisi likasimama mbele ya nyumba. Pamoja na askari alishuka mwanamke mrefu, mwembamba, uso ni wa mzee kabisa. Alikuwa binti yake, mwalimu wa shule, yule aliyemuuguza. Alisafiri usiku kucha baada ya majirani kumpigia jana yake kwamba baba yake analazwa stooni.

"Nilimtibu miezi mingi," alisema bila kupaza sauti, na ndiyo maana sote tulisikia. "Nilimlisha kwa kijiko. Nikamfundisha kutembea upya. Alikuwa anasema anataka kwake tu. Nikamruhusu. Sasa nataka kumwona mtu aliyemfungia mlango."

Askari akaingia ndani ya geti. Akalishika lile kufuli jipya, akaligeuzageuza.

"Nani alifunga hili?"

Wapangaji kumi na mmoja walijibana ukutani. Profesa alikuwa anatazama viatu vyake. Vijana wa mwaka wa kwanza walisimama mlangoni pa stoo wakiwa bado na miswaki mdomoni.

"Nimeuliza, nani alifunga?"

"Mimi."

Sauti ilitoka nyuma ya umati. Watu wakapisha. Alikuwa Dada, kibegi cha safari mkononi, bendeji mpya kwenye mkono mbovu, tope mpaka kwenye magoti. Alikuwa ametoka kushuka garini.

Askari akatazama begi lake, akatazama tope. "Mama, wewe unaonekana ndiyo kwanza unafika."

"Nilifunga jana kabla sijaondoka. Nilisahau kwamba mzee yuko nje."

"Ukafunga kwa ndani, halafu ukaondoka kupitia wapi?"

Dada hakuwa amezoea kudanganya. Aliangaza huku na huku, akaonekana amezeeka ghafla. "Nimeshasema ni mimi. Nichukueni. Huyu mdogo wangu mwacheni, ana mtihani leo."

Askari akanigeukia. Binti wa mzee akanigeukia. Profesa, kwa mara ya kwanza, akaniinulia macho, na katika macho yale nikaona anajua, na kwamba anasubiri nimsaidie asiseme yeye.

"Kijana, ni kweli alichosema dada yako?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni. Nilikuwa nimeushika.

"Ni kweli," nikasema.

Nilidhani Dada atashtuka. Alipumua tu, kama mtu aliyetua mzigo, akanyoosha mikono yote miwili mbele, mzima na mbovu. Askari aliutazama ule mkono wa bendeji, akairudisha pingu kiunoni, akamshika begani, akampandisha nyuma ya gari.

Simu ikalia. Ilikuwa ya binti wa mzee. Aliisikiliza, akaweka kiganja ukutani kujishikilia.

"Baba amezinduka," akasema. "Hospitali wanasema amezinduka, anaongea."

Umati ukashusha pumzi. Mama jirani akapiga kigelegele, akajiziba mdomo.

"Anasema nini?" askari akauliza. "Amemtaja mtu?"

Yule mwanamke aliendelea kusikiliza. Polepole akainua macho, akayatua kwangu, yakaganda hapo.

"Hataki kumtaja mtu. Hataki askari, hata mimi hanitaki," akasema. "Anamtaka huyu kijana. Aende peke yake. Anasema haraka, kabla hajachoka."

Askari akafungua mlango wa mbele wa gari. "Panda."

Watu wote wananitazama. Jua linawaka kwenye madimbwi. Na mimi, msomi, mwekezaji, Tajiri wa darasa zima, nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Nina mtihani."

Nyuma ya kioo cha gari, Dada aligeuza shingo. Amenitazama maisha yangu yote, nikiwa na surua, nikiwa nimefeli, nikiwa nimemwibia sarafu mkobani. Hakuwahi kunitazama vile, kama anayejaribu kukumbuka aliwahi kuniona wapi.

"Panda gari, wewe," akasema.

Hakuniita "mdogo wangu".